Usiku wa muziki Mexico City: mwongozo wa msafiri, kutoka kantina ya mchana hadi mariachi wa Garibaldi

Msafiri anayefika Mexico City akauliza pa kusikia muziki usiku, karibu kila mara ataelekezwa Plaza Garibaldi, uwanja wa bendi za mariachi. Ushauri huo si mbaya, ila una kasoro moja: unamfikisha mtu mwisho wa usiku bila kumpitisha mwanzo wake. Katika mji huu kila aina ya mahali ina saa yake, na kila aina ya muziki ina namna yake ya kulipiwa. Anayeyajua mambo hayo mawili anaweza kusikiliza makundi matatu au manne kwa siku moja, kwa fedha ambazo mwenzake asiyejua atazimaliza kwenye meza moja. Ndiyo maana mwongozo huu unafuata saa, kuanzia mchana. Saa zote humu zimehesabiwa Kiswahili: mlangoni palipoandikwa 21:00, sisi tunasema saa tatu usiku. Mexico City iko nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa tisa, kwa hiyo wa nyumbani wakikupigia simu asubuhi yao, huenda wewe bado uko dansini.

Hatua ya kwanza: jiandae kabla ya kutoka hotelini

Mji uko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Aliyezoea Mombasa, Tanga au Muscat atahema akipanda ngazi, na bia mbili ambazo kwao hazimtikisi zinaweza kumwamsha na kichwa kinachogonga. Hata mtu wa Nairobi ataiona tofauti. Usiku wa kwanza uache upite kwa chakula, maji na usingizi, kisha uanze kesho yake.

Toa fedha mchana, kwenye mashine iliyo ndani ya jengo la benki, na utafute noti ndogo, kwa sababu mwanamuziki anayepita mezani hutaka fedha taslimu na mara nyingi hana chenji ya noti ya peso 500. Umri halali wa kunywa pombe ni miaka 18, basi beba kitambulisho chenye picha. Pasipoti yenyewe ni afadhali ibaki hotelini, nawe ubebe nakala. Tangu Januari 2023 sheria ya nchi nzima imepiga marufuku uvutaji wa sigara katika maeneo ya umma, baa zikiwemo, kwa hiyo usiwashe sigara mezani kwa kudhani kwamba ni desturi ya mahali. Na kama safari yako inaangukia siku za uchaguzi, uliza mapema habari za ley seca, yaani katazo la muda la kuuza pombe, ambalo huweza kutangazwa na kukukuta umeketi mbele ya glasi ya maji.

Viatu pia vina umuhimu wake. Ukikusudia kucheza dansi, vaa vyenye soli laini inayoteleza, kwa kuwa raba za michezo hung'ang'ania sakafu ya mbao na kuyachosha magoti.

Hatua ya pili: anza mchana, kantinani

Kantina ni mahali pa jadi pa kunywa na kula, si baa ya usiku. Hufunguliwa kama adhuhuri, hujaa kuanzia saa nane mchana, na nyingi za katikati ya mji hufunga mapema kuliko mgeni anavyotarajia. Anayeiacha hadi saa nne usiku atakuta viti vimepandishwa juu ya meza. Sifa yake kubwa ni botana: unapoagiza kinywaji, unaletewa sahani ndogo ya chakula isiyoandikwa kwenye bili, pengine supu, pengine taco, na kwenye kantina zinazoheshimu desturi hiyo sahani huzidi kunona kadiri unavyoendelea kuagiza. La Mascota, katika mtaa wa Mesones, inajulikana kwa jambo hilo. Uliza kwanza mhudumu kama botana imo ndani ya bei ya kinywaji, kwa kuwa si kila mahali penye neno cantina mlangoni bado pana ukarimu huo.

La Ópera, kwenye mtaa wa 5 de Mayo, ni ya namna nyingine. Ilianzishwa mwaka 1876, ina viti vya mbao vilivyonakshiwa na kioo kikubwa nyuma ya kaunta, na darini kuna tundu ambalo watu husimulia kwamba lilitobolewa na risasi ya Pancho Villa, jenerali wa mapinduzi ya Mexico. Kila mhudumu atakuonyesha tundu hilo hata kabla hujauliza. Bei yake ni ya juu kidogo, lakini kwa mtu anayetaka kuona jinsi chumba cha kunywea cha karne ya 19 kilivyopambwa, glasi moja pale inatosha.

Wanawake wanaosafiri wafahamu kwamba hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kantina ziliwafungia mlango. Mabango yaliwakataza wanawake, watoto na watu waliovaa sare. Siku hizi familia nzima hukaa pamoja kula mchana, wazee wakigonga vipande vya domino pembeni. Hata hivyo bado zipo kantina ndogo ambazo mwanamke aliye peke yake atatazamwa sana, na njia nyepesi ya kuzitambua ni kuchungulia: ukiona meza zenye wanawake na watoto, ingia.

Hapa ndipo utakapokutana mara ya kwanza na muziki unaotembea. Watu watatu wenye magitaa huingia, husimama karibu na meza na kuuliza kama mtu anataka wimbo. Hao huitwa trio, na kazi yao hasa ni bolero, nyimbo za mapenzi za mwendo wa taratibu zilizotoka Cuba na kukulia Mexico, ambazo UNESCO iliziandikisha kwenye orodha ya urithi mwaka 2023 kwa jina la nchi zote mbili. Uliza: "¿Cuánto la canción?", yaani wimbo mmoja ni bei gani, kabla hawajagusa nyuzi. Ukikataa, sema "no, gracias" kwa tabasamu, nao watasogea meza ya jirani bila kinyongo, ambako utawasikia vilevile.

Atakayekushangaza ni mtu mwenye kisanduku cha umeme na vyuma viwili vya kushika. Biashara yake inaitwa toques: watu wanashikana mikono kuzunguka meza, yeye anaongeza umeme kidogo kidogo, na wa kwanza kuachia ndiye aliyeshindwa. Ni mchezo wa walevi wanaopenda kujisifu. Mwenye maradhi ya moyo au kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiuguse kabisa.

Asiyekunywa pombe hana sababu ya kukaa nje. Aagize agua de jamaica, ambayo ni maji ya ua lile lile la rosela tunalotengenezea juisi ya choya, au mineral preparada, maji ya gesi yenye ndimu na chumvi, na aulize kama navyo vinahesabiwa kwenye botana.

Ukibakiwa na nafasi kabla ya jioni, pita pulquería. Pulke ni utomvu wa mgave, mmea wa jamii ya mkonge, unaogemwa na kuachwa uchache wenyewe. Mgema wao huitwa tlachiquero, na kwa desturi huufyonza utomvu kutoka moyoni mwa mmea kwa kibuyu kirefu. Aliyekunywa mnazi au ulanzi atauelewa mara moja: ni mweupe, una povu na uchachu, hautunziki siku nyingi, na wa asubuhi si sawa na wa jioni. Methali yetu ya mgema anayesifiwa akatia tembo maji ingefahamika kule bila mkalimani. Las Duelistas, katika mtaa wa Aranda karibu na soko la San Juan, iko tangu 1912 na huuza pulke mtupu pamoja na curado, yaani uliochanganywa na mapera, shayiri au matunda mengine. Mgeni aanze na curado, glasi ndogo, kwa sababu tumbo lisilouzoea hulalamika.

Hatua ya tatu: jioni, nenda dansini

Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu ambayo wasafiri wengi huikosa, na ndiyo iliyo bora kuliko zote. Danzoni ni dansi iliyotoka Cuba katika karne ya 19 ikaingia Mexico kupitia bandari za Ghuba, hasa Veracruz. Msomaji aliyelelewa na rumba ya Kongo hatakuwa mgeni hapa, kwani sahani za santuri za Cuba zilizofika Léopoldville na Brazzaville tangu miaka ya 1930 ndizo zilizoichochea rumba hiyo, na ukisikiliza ngoma na filimbi za danzoni utagundua kwamba hawa ni binamu waliolelewa nyumba tofauti.

Kama ni Jumamosi, anza Plaza de la Ciudadela, ambako watu hucheza danzoni uwanjani mchana hadi jioni bila kiingilio. Utawaona wazee waliovaa suti pana za mtindo wa zamani, kofia yenye unyoya na viatu vya rangi mbili, na pembeni kuna wanaofundisha wanaoanza. Ukumbi wenyewe wa heshima ni Salón Los Ángeles, katika eneo la Guerrero, uliofunguliwa mwaka 1937. Msemo wake ni kwamba asiyeijua Los Ángeles haijui Mexico. Siku zake za desturi ni Jumanne na Jumapili, na dansi huanza kukiwa bado na mwanga. Unalipa kiingilio mlangoni, basi. Muziki wote wa orkesta umekwishalipiwa, na hakuna atakayekufuata mezani na bei.

Adabu ya danzoni ina kanuni moja inayowaumbua wageni. Katika kila wimbo kuna kipande kinachojirudia ambacho hakichezwi: wachezaji husimama, hugeukia orkesta, wanawake hujipepea, kisha wote hurudi kushikana kwa wakati mmoja kipande hicho kinapokwisha. Anayeendelea kuzunguka wakati huo atajikuta peke yake katikati ya sakafu. Basi keti kwanza nyimbo mbili ukiwatazama. Mwanamume anayeomba dansi huenda hadi mezani, hunyoosha mkono, na wimbo ukiisha humrudisha mwenzake kwenye kiti chake. Mwanamke anayekataa kwa upole hajamkosea mtu. Kabla ya wimbo kuanza utasikia mtangazaji akiita jamaa wote na kutaja jina la mtu au kundi la mtaa fulani ambalo wimbo umetolewa kwao kama zawadi. Wapenzi wa bendi za Kinshasa, waliozoea majina kutupwa katikati ya sebene, watatabasamu.

Hatua ya nne: Plaza Garibaldi, baada ya saa tatu usiku

Uwanja huu uko kaskazini mwa jumba la sanaa la Bellas Artes, kando ya barabara kuu ya Eje Central, na kituo cha metro cha Garibaldi kiko jirani. Kwenye barabara yenyewe utawaona mariachi wakiyasimamisha magari kwa mkono, kwa sababu wengi wanaokuja usiku hawaji kukaa: wanakuja kuwachukua wanamuziki kwenda kuimba chini ya dirisha la mchumba, au kumwamsha mama siku yake ya kuzaliwa. Usiku, fika kwa teksi uliyoiagiza na ushuke ukingoni mwa uwanja.

Jifunze kwanza kuwatofautisha kwa mavazi. Wenye suti za kubana zilizotiwa vifungo vya fedha pembeni mwa suruali na kofia pana ni mariachi, na vyombo vyao ni fidla, tarumbeta, gitaa, vihuela ambayo ni gitaa dogo, na guitarrón lenye tumbo kubwa ambalo ndilo besi. Wenye kofia za wachunga ng'ombe na kodiani ni norteño, kutoka kaskazini. Waliovaa nyeupe tupu wakiwa na kinubi ni jarocho, wa Veracruz. Kuomba wimbo wa pwani kwa mtu wa kodiani ni sawa na kwenda kwenye taarabu ukaomba mchiriku. Ataupiga, lakini si kazi yake.

Kisha fahamu malipo, maana hapa ndipo wageni hupata hasara. Katika taarabu yetu msikilizaji huguswa, akainuka kumtunza mwimbaji kwa kiasi apendacho, wimbo ukiwa tayari unaimbwa. Garibaldi ni kinyume chake: mapatano hutangulia wimbo, na kiasi ni kilekile uguswe usiguswe. Bei hutegemea ukubwa wa kundi, na kwa kundi kamili wimbo mmoja huwa zaidi ya peso 100, pengine mara kadhaa ya hapo ukionekana hujui. Patana mambo matatu kwa maneno yaliyo wazi: kwamba bei ni ya wimbo na si ya kila mpigaji, kwamba wapigaji wote unaowaona mbele yako ndio watakaopiga, na kwamba unataka nyimbo ngapi. Jambo hilo la tatu ndilo linalosahaulika. Wimbo wa kwanza ukiisha kiongozi huuliza "¿otra?" huku fidla zikiwa zimekwishaanza wimbo wa pili, na anayeitikia kwa kichwa kwa sababu ya adabu amekwisha kununua. Sema mapema "una nada más", mmoja tu. Mkiwa wengi wenye sherehe, kodi kwa saa, kwa kuwa inatoka rahisi kuliko kuhesabu wimbo mmoja mmoja.

Andaa ombi lako. Kama ni siku ya kuzaliwa ya mmoja wenu, omba Las Mañanitas, wimbo ambao kila kundi linaujua na ambao hata wageni wa meza nyingine wataupokea. Vinginevyo taja jina la José Alfredo Jiménez, mtunzi aliyefariki mwaka 1973, na umwachie kiongozi achague. Utapata wimbo wa mlevi aliyeachwa, na uwanja mzima utaimba nawe. Ukitaka kukaa ndani, Salón Tenampa iko pale pale tangu 1925, iliyoanzishwa na mwenyeji wa Cocula, Jalisco, aliyewaleta wanamuziki wa kwao. Ukishaketi, fahamu kwamba wimbo ulionunuliwa na meza ya jirani ni wako pia; ukipata kiti karibu na familia yenye keki na puto, umepata tamasha la bure la saa nzima.

Anayeweza kuchagua tarehe achague tarehe 22 Novemba, siku ya Mtakatifu Cecilia, msimamizi wa wanamuziki, ambapo mariachi hukusanyika uwanjani humo kumpigia yeye.

Onyo moja la mahali: mitaa iliyo nyuma ya uwanja, kuelekea Lagunilla na Tepito, si ya kutembelewa usiku kwa miguu, hata kama ramani inaonyesha njia ya mkato.

Hatua ya tano: baada ya saa tano, kama bado una nguvu

Mitaa ya Roma, Condesa na Juárez ndiyo yenye baa za kisasa, nazo sitazikawilia sana kwa kuwa zinafanana na wenzao wa miji mingine mikubwa. Handshake Speakeasy, iliyoshika nafasi ya kwanza katika orodha ya baa bora 50 duniani mwaka 2024, inahitaji kuwekewa nafasi mapema, na mtu huenda kwa kokteli, si kwa bendi. Kwa jazi nenda Zinco Jazz Club, katikati ya mji wa kale, ndani ya chumba cha chini cha jengo lililokuwa la benki. Kuna kiingilio, meza huwekwa mapema, na watu hunyamaza mpigaji anapopiga.

Popote utakapoagiza tekila, tazama chupa iwe imeandikwa "100% de agave", kwani isiyoandikwa hivyo inaruhusiwa kuchanganywa na sukari nyingine, na ndiyo inayolaumiwa kwa kuumiza kichwa. Meskali, pombe kali nyingine ya mgave, haimezwi kwa mkupuo. Wenyewe husema hunywewa kwa mabusu, yaani kwa kulowesha midomo tu, pamoja na kipande cha chungwa na chumvi iliyosagwa pamoja na pilipili na viwavi waliokaushwa. Ladha yake ni ya moshi, kwa sababu moyo wa mgave huchomwa shimoni kabla ya kukamuliwa.

Hatua ya sita: lipa bili kwa utulivu

Bili haiji mpaka uiombe, kwa kuwa kuileta mapema ni kama kumfukuza mteja. Sema "la cuenta, por favor". Bei za kwenye orodha tayari zina kodi. Bakshishi, yaani propina, kwa kawaida ni asilimia 10 hadi 15, si lazima kisheria, lakini wahudumu huitegemea na kutoiacha kabisa ni matusi. Angalia kwanza kama haijaingizwa tayari kwenye bili. Ukilipa kwa kadi, mashine iletwe mezani mbele ya macho yako, na ikikuuliza kama ukatwe kwa peso au kwa fedha ya kwenu, chagua peso. Chupa ifunguliwe ukiona, glasi isiachwe ukienda msalani, na anayekukaribisha unga au bangi mlangoni mwambie hapana na uendelee na safari. Kituo cha polisi cha ugenini si mahali pa kujifunzia Kihispania.

Hatua ya saba: rudi kwa gari uliloliita

Metro hufunga saa sita usiku, na mabehewa ya mbele kwa kawaida hutengwa kwa wanawake na watoto. Baada ya hapo agiza gari kwa programu ya simu kama Uber au DiDi, ukiwa bado ndani, na usitoke mpaka namba ya gari iwe mbele yako. Usisimamishe teksi inayopita barabarani usiku. Namba ya dharura nchi nzima ni 911. Usitembee na chupa iliyo wazi, kwa kuwa kunywa barabarani ni kosa na polisi hulifuatilia.

Ukiwa na siku zaidi

Guadalajara, mji mkuu wa Jalisco, ni nyumbani kwa mariachi, na humo kuna kantina ya La Fuente, ya mwaka 1921, penye muziki na baiskeli kuukuu iliyowekwa juu ya kaunta, ambayo inasemwa iliachwa na mteja aliyeshindwa kulipa bili. Veracruz ina danzoni uwanjani na marimba chini ya matao, na hewa yake ya joto la chumvi itamfurahisha mtu wa pwani baada ya baridi ya nyanda za juu. Cancún siiweki kwenye safari ya muziki, kwa sababu kule hununuliwa zaidi kinywaji kisicho na hesabu.

Mérida, katika Yucatán, iko kwenye eneo ambalo ndilo asili ya mkonge uliofika Tanga mwaka 1893. Huko kila Alhamisi saa tatu usiku, tangu 1965, hufanyika serenata, yaani tamasha la nyimbo, ya bure katika bustani ya Santa Lucía, kwa magitaa, mashairi na ngoma za wenyeji. Viti hujaa mapema, kwa hiyo fika saa mbili na nusu.